Zimwi la Saa Nne Asubuhi

Mchana wa jana niliota. Nasema mchana, tena mchana mweupe wa Jumamosi, baada ya sahani mbili za ubwabwa wa nazi, na naomba mtu asinianzishie maneno ya ndoto za shibe. Shibe naijua, tumeishi nyumba moja miaka mingi. Ile haikuwa shibe.

Kabla ya ndoto kulikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Muheza, darasa langu lina watoto ishirini na sita. Juzi Ijumaa uji ulichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, na mtoto mwenye njaa hafundishiki, hata umletee malaika aandike ubaoni. Nikaona niwatulize kwa hadithi. Saa nne asubuhi, jua linawaka, mimi nimesimama mbele yao nasema, "Hadithi, hadithi." Nao wakaitikia kwa nguvu zote, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea."

Kila aliyelelewa na bibi anajua kwamba hadithi hazisimuliwi mchana. Sisi tuliambiwa ukisimulia mchana utaota pembe. Nilijipapasa kichwa, nikaona kuko shwari, nikaendelea. Nikawapa ile ya zimwi, niliyopewa na marehemu bibi yangu, Bibi Mwanakombo. Zimwi likaingia kijijini, likameza mbuzi, likameza wazee, likameza ngoma pamoja na mpigaji wake, na mwishowe likawameza watoto wote, asibaki hata mmoja. Hapo hapo kengele ikalia, uji umeiva. Watoto wakaja juu, wanataka mwisho. Nikawaambia mwisho ni Jumatatu.

Ukweli ni kwamba mwisho sikuwa nao. Bibi alinisimulia hadithi ile zaidi ya mara mia, na kila mara nilipitiwa na usingizi zimwi likiwa ndiyo kwanza linajilamba midomo. Inaishaje, sijawahi kusikia.

Basi nikala ubwabwa wangu, nikajinyoosha kitandani, nikaota kwamba ni Ijumaa ileile.

Niko kwenye baraza ya shule, nimebeba ndoo ya uji. Nafungua mlango wa darasa. Ndala zipo mlangoni, zimepangwa mbili mbili kama nilivyowafundisha. Mikeka ipo. Watoto hawapo. Kwenye kiti cha mbele, kile cha plastiki anachokalia mwanafunzi wangu Hidaya, limekaa zimwi.

Lilikuwa kubwa, siwezi kuwadanganya. Magoti yalifika masikioni. Lakini lilikaa kwa adabu, mikono juu ya meza, kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa sababu ya utoro wa mwanawe. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka kwenye kingo za meza, na lilikuwa linachezacheza lenyewe.

Nikasita nilisalimie vipi. Nikapiga hesabu ya umri wake, nikaona kwa vyovyote halipungui miaka mia tano.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Hujambo? Mimi sijambo sana. Nina watoto wako."

"Wote?"

"Wewe ulisema wote. Ulisema asibaki hata mmoja. Mimi sikupanga kitu, mwalimu. Wewe ulinena, mimi nikafungua mdomo."

"Nani kakuita hapa?"

"Wao wenyewe, ishirini na sita kwa sauti moja. Nilikuwa nimelala, sisi kwetu mchana ndiyo tunalala. Nikasikia njoo, nikaja. Mtu akiitwa asiende?"

Zimwi likajisogeza kitini, kiti kikalia.

"Kilichoniudhi si kuitwa," likaendelea. "Kilichoniudhi ni kuachwa. Umenifikisha kwenye kumeza, halafu ukaondoka ukagawe uji. Siwezi kuwasaga, hujasema niwasage. Siwezi kuwatoa, hujasema niwatoe. Nimekaa nao tu kama mzigo wa watu. Na humu ndani kuna mmoja ananipiga teke kila nikivuta pumzi."

"Huyo ni Hidaya."

"Naomba mwisho wangu, mwalimu."

"Wazazi wanakuja saa sita na nusu," ikasema saa ya ukutani, ingawa hakuna aliyeiuliza. "Na mama yake Hidaya huwa anawahi."

Hapo ndipo nilipoogopa. Zimwi lenyewe nilikuwa nimeshalizoea, lakini Mama Hidaya hazoeleki. Anauza machungwa stendi, hana anayemwogopa, na mwaka jana alinifuata mpaka nyumbani kwangu kwa ajili ya soksi moja. Sasa mimi nimwambieje kuwa safari hii haikupotea soksi? Na tuyaache hayo ya kugombezwa. Watoto wale ni wangu pia. Namjua anayeogopa kuku, namjua anayelia akiitwa kwa jina la baba yake. Nao wamo mle ndani, gizani, kwa sababu ya uvivu wangu. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu walikuwa ishirini na sita.

Nikatoka nje kuigombeza kengele. Kengele yetu ni ringi ya lori, tumeitundika kwa mnyororo.

"Wewe ndiye uliyenikatisha," nikaiambia.

"Mimi hugongwa," ikasema ringi. "Sijawahi kujigonga."

Nikaona ina hoja, nikarudi ndani.

Uji ulikuwa unapoa. Nikaliuliza zimwi kama watoto wamekunywa chochote. Likasema hapana, kwa kadiri linavyojua. Hilo sikulikubali. Mtoto hawezi kukosa uji wake eti kwa kuwa amemezwa. Nikachukua kata, nikalinywesha zimwi kikombe kimoja kimoja, na kila kikombe naita jina kwenye rejista. "Ramla." Kutoka ndani kabisa nasikia, "Nipo, mwalimu." "Shebuge." "Nipo, mwalimu." Mpaka wakaisha wote, ishirini na sita. Hidaya akaomba cha pili. Nikampa.

"Haya," nikasema, "mwisho ni huu. Zimwi likasinzia, watoto wakatoka kimya kimya, wakarudi kwao."

Zimwi likafumba macho, likangoja. Tumbo halikubadilika. Likafumbua jicho moja.

"Huo haujashika," likasema. "Huo umeutunga sasa hivi, nimekuona."

"Basi mtu mmoja mwenye nguvu akaja, akalikata zimwi kidole cha mwisho, watu wote wakatoka kwenye tundu la kidole."

Zimwi likakificha kidole kwapani. "Huo wa kidole nimeusikia ukitajwa sehemu nyingine, na naomba tusiuzungumzie. Kidole hiki ndicho ninachochokonolea sikio. Hadithi hii ulipewa na nani?"

"Bibi Mwanakombo. Lakini ni marehemu, Mungu amrehemu."

"Bibi mfupi? Anacheka kwanza, ndipo anasema?"

"Huyo huyo."

"Yumo humu," zimwi likasema, likijigusa chini ya mbavu. "Siku nyingi. Mtu mzuri, hanisumbui. Ingia ukamuulize."

Niliwahi kusikia watu wakisema moyo umeruka, nikidhani ni maneno ya kunogesha tu. Wangu uliruka. Bibi alipofariki nilikuwa chuo cha ualimu, na nilipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa, watu wananawa mikono. Miaka tisa sasa. Nikavua viatu palepale.

"Nimeze," nikasema.

"Taratibu," likasema zimwi. "Unaijua sheria yangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi sikujui. Hao watoto wenyewe wamesalimika kwa sababu waliniita, tukawa tumejuana. Wewe nikikumeza hivi hivi nitakumaliza, hata kama sitaki. Nenda kalete barua ya utambulisho."

Nikageuka nitoke, na pale palipokuwa na mlango wa darasa sasa ni dirisha la ofisi ya mtaa. Mimi niko kwenye foleni. Mbele yangu hakuna mtu, lakini foleni haisogei. Nyuma ya dirisha ameketi joka mwenye vichwa saba, amevaa shati lenye kola saba, na zote zimepigwa pasi.

Kichwa cha kwanza kinaniuliza jina. Cha pili kinaandika. Cha tatu kinaniuliza jina. Cha nne kinasema hapa wameandika vibaya. Cha tano kinaniuliza nilikuja na nani. Cha sita kinaniambia barua yangu iko tayari, bado muhuri tu.

"Muhuri uko wapi?"

"Mwenye muhuri ametoka kunywa chai."

Nikahesabu vichwa. Kweli, vilikuwa sita. Shingo ya saba ilikuwa imepitia dirishani, imevuka barabara, imeingia kwenye mgahawa wa jirani. Kutoka pale tulipokuwa ilisikika ikivuta chai ya moto.

"Si mmeungana?" nikauliza.

"Kimwili, ndiyo," kikasema kichwa cha sita. "Kikazi kila mtu na kitengo chake."

Saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imenifuata, ikasema ni saa sita kasorobo. Nikaona nikingoja hapa wazazi watawakuta watoto tumboni kwa sababu ya chai. Nikaishika ile shingo kwa mikono miwili, nikaivuta kama unavyovuta kamba ya ndoo kisimani. Kichwa cha saba kikaja na chapati mdomoni, kikanitazama bila chuki, kikagonga muhuri, kikarudi kumalizia. Barua ilisema: Huyu ni mwalimu wetu, tunamfahamu. Atakayemla asimmalize.

Zimwi liliisoma kwa kuiweka mbali na macho, kama wazee wote wasio na miwani.

"Sasa nakujua, mwalimu Mwantumu," likasema, na likanimeza.

Nilitarajia giza. Kulikuwa na mwanga kama wa jioni ya saa kumi, na barabara ya vumbi, na nyumba za bati pande zote mbili. Mbuzi walikuwa wamelala katikati ya njia. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya ngoma kubwa, anakula karanga.

"Karibu," akaniambia. "Umemezwa lini?"

"Sasa hivi."

"Utazoea. Hapa hapana shida, isipokuwa akinywa maji. Leo katumwagia uji." Akapangusa bega. "Mtamu, lakini sukari imezidi."

Watoto wangu nikawakuta wamekaa kwa mistari, wanangoja. Hakuna aliyelia. Hidaya alikuwa amesimama mbele yao na ufito, anaangalia asiyetulia. Nikawahesabu mara mbili, nikawagusa vichwa mmoja mmoja, nikawa najifanya nawatazama kama wana chawa.

"Mwalimu, umekuja na mwisho?" Hidaya akaniuliza.

"Ndiyo naufuata. Kaeni hapa hapa."

"Lakini tumechoka kukaa."

"Basi simameni hapa hapa."

Nikaifuata barabara mpaka nyumba zikaisha. Mbele yake kulikuwa na uwanja, na uwanja wote ulikuwa umetandikwa mikeka, na kwenye mikeka wamelala watoto. Si kumi wala mia. Wamevaa nguo za zamani, wengine nguo ambazo sijawahi hata kuziona kwenye picha, wote wanakoroma kidogo kidogo. Nilikanyaga kwa ncha za vidole. Mbuzi mmoja aliyekuwa amenifuata akanieleza kwamba hao ndio waliosinzia kabla ya mwisho.

Mwisho wa uwanja ameketi bibi yangu. Amejifunga kanga mbili, miguu ameinyoosha, na mapajani mwake kimelala kichwa cha mtoto wa kike mwenye gauni la maua ya njano. Gauni lile nililijua. Lilishonwa kutokana na pazia la sebuleni, na nililivaa mpaka likanipasuka mgongoni. Yule mtoto alikuwa ni mimi, mdomo wazi, mate yanamdondoka bibi kwenye kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanitazama juu mpaka chini, akacheka kwanza. "Umenenepa. Njoo ukae hapa. Nywele hizo umekaa nazo hivyo kama mtu asiye na kwao?"

Nikakaa chini, nikampa mgongo. Bibi hakuwahi kuweza kuzungumza mikono ikiwa mitupu. Akatoa kitana kwenye kanga, akanichambua nywele upande wa kulia, akaanza kusuka mistari ya twende kilioni, anavuta vilevile alivyokuwa akivuta, mpaka jicho linataka kufuata. Nilijikaza nikashindwa. Nililia kama sikuwa mtu mzima mwenye rejista. Nikamwambia, bibi, nilichelewa, gari liliharibika njiani, nilitaka nikuwahi. Akasema ndiyo, alisikia. Akanipigapiga begani kwa kile kitana, akaendelea na mstari wa pili.

Nilipoweza kusema tena nikamweleza shida yangu. Watoto wako tumboni, wazazi wanakuja, mwisho wa hadithi sina.

"Mwisho gani?"

"Wa zimwi, bibi. Likawameza watoto wote, asibaki hata mmoja. Baada ya hapo?"

Bibi akacheka mpaka mikono ikasimama. Akacheka, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akamtazama mtoto aliyemlalia kuhakikisha hajaamka.

"Mwantumu, mwanangu, baada ya hapo hakuna kitu. Hadithi ile haina mwisho. Mimi nilipewa na bibi yangu, nikalala palepale pa kujilamba midomo. Naye alilala kwa bibi yake. Unafikiri kwa nini tuliwasimulia usiku? Tulitaka mlale. Mkifika kwenye kumezwa mmeshakwisha habari zenu, mimi namshukuru Mungu, nakwenda kuoga."

"Na zile pembe?"

"Pembe uongo. Tuliogopa tu. Ukimsimulia mtoto mchana atabaki macho, na akibaki macho atauliza inaishaje. Utamjibu nini?"

Nilitamani kumgombeza. Bibi mzima, usiku zaidi ya mia, ananitazama usoni anasema kesho ukikaza macho utaufikia mwisho, na mwisho haupo. Na wakati huo huo nilikuwa namwonea raha anavyocheka.

"Bibi, wangu wako macho. Ishirini na sita. Walisimuliwa saa nne asubuhi."

Akanisuka nywele tatu nne.

"Hebu ona," akasema. "Basi hao ndio wa kwanza. Tangu hadithi ile ianze, hakuna mtoto aliyefika pale akiwa macho. Kawaulize wao."

Kutoka juu, mbali, ikasikika sauti ya mwanamke. "Hodi humu darasani. Wewe mwenye tumbo, umemwona mwalimu?"

"Mm-mm," zimwi likajibu kwa mdomo uliofumbwa. Ardhi yote ikatetemeka.

"Mbona tumbo lako linacheka kwa sauti ya mwanangu?"

Nikainuka. Bibi akanishika bega. "Kaa kidogo nikumalizie upande huu wa pili."

"Bibi, Mama Hidaya amefika."

"Ni mkali?"

"Sana."

"Haya, nenda."

Nikamwangalia yule mtoto wa gauni la njano. Nikauliza kama nimwamshe twende naye.

"Mwache," bibi akasema. "Akiamka atauliza inaishaje."

Nikakimbia. Watoto walikuwa bado wamesimama, na baadhi yao walikuwa wamesimama vibaya, mguu mmoja juu ya mwingine. Nikawauliza. Zimwi likawameza watoto wote, haya, kisha ikawaje? Ramla akasema wakala keki. Tumbo halikutikisika. Shebuge akasema zimwi likapewa baiskeli. Kutoka juu zimwi likasema huo lingeupenda, lakini haujashika. Mwingine akasema zimwi likawa ng'ombe, mwingine akasema baba yake ana panga. Hakuna hata mmoja ulioshika.

Hidaya akanyoosha mkono.

"Haya, Hidaya, ikawaje?"

"Mwalimu, naomba nikakojoe."

Anayejua chekechea anajua kinachofuata. Mmoja akiomba, wameomba wote. Mikono ishirini na sita ikawa juu, na wengine walikuwa wameanza kurukaruka.

Hata mbuzi waliacha kutafuna.

"Mwalimu," zimwi likaita kutoka juu, polepole, "wamesema nini?"

"Wanataka kwenda kukojoa."

"Wangapi?"

"Wote. Ulikunywa vikombe ishirini na saba."

"Hawawezi kungoja kidogo?"

"Mtoto wa miaka mitano hangoji. Ana dakika mbili, na hizo mbili nimezimaliza kwa kukueleza."

Barabara ikainama, nyumba zikainama, mwanga mkubwa ukaingia. Zimwi lilikuwa limefungua mdomo mpaka mwisho wa taya. Watoto wakatoka kwa mstari, wameshikana mashati kwa nyuma, wakampita Mama Hidaya bila salamu, wakaenda moja kwa moja nyuma ya darasa. Nikawafuata kwa macho nikihesabu. Wakafuata wazee, wakafuata mbuzi, akafuata mpiga ngoma na ngoma yake, akilalamika kwamba huku nje kuna jua. Hakukatwa mtu kidole.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ulimi. Nikageuka. Kule mwisho wa uwanja bibi alikuwa amekaa vilevile, miguu imenyooka, kitana mkononi.

"Bibi, pako wazi," nikaita. "Njoo."

Akaweka kidole mdomoni, akanionyesha mapajani. Mtoto amelala.

Nilitaka kurudi. Nilitaka sana, hata mguu mmoja niliuinua. Lakini ulimi ulikuwa unateleza, na Mama Hidaya alikuwa amenishika mkono ananivuta nje, anauliza mbona shati la mtoto limelowa mate na ni mate ya nani haya. Zimwi likakiri kwamba ni yake, likaomba radhi. Kisha likafumba mdomo, likajipapasa tumbo lililonywea, likanitazama kwa uso wa mtu aliyetoka hospitali na majibu mazuri.

"Kumbe naishia hapa," likasema. "Miaka yote nilikuwa na wasiwasi bure. Ahsante, mwalimu."

"Na wewe ndiye uliyemlisha uji huyu?" Mama Hidaya akaniuliza, na hilo ndilo swali lililoniamsha.

Ilikuwa saa kumi na robo. Jua lilikuwa limefika kwenye godoro. Redio ilikuwa inaungurumisha mpira sebuleni, na mume wangu, Mhina, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, ananitazama kichwani.

"Nani amekusuka?" akauliza.

Nikapeleka mkono. Upande wa kushoto nywele zilikuwa timtim kama nilivyolala nazo. Upande wa kulia kulikuwa na mistari mitano, imelala sambamba kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, imevutwa mpaka nyusi zimepanda. Wa sita ulikuwa umefika katikati ukaachwa. Tangu nikiwa darasa la pili hakuna mtu aliyenivuta nywele hivyo.

"Nimekaa hapa mlangoni tangu ulale," Mhina akasema. "Hakuna aliyeingia."

"Najua."

"Nimwite jirani aje akumalizie huo upande?"

"Hapana."

"Sasa utatoka hivyo, kichwa nusu?"

"Zima redio," nikamwambia, nikajilaza ubavu wa kulia taratibu nisiifumue ile mistari. Nikabadili mawazo nikalalia ule mwingine. Kisha nikabadili tena, kwa sababu upande wa kushoto ndio uliobaki, na ni lazima uwe juu. "Zima redio, Mhina, na ufunge mlango. Nataka kulala tena."